Tairi za Theluji Kule Cheptais

Nakumbuka siku moja ya Januari, mwanangu, simu za mkononi zikiwa ndizo zinaanza kuzoeleka kwetu, nilisimama Kitale mbele ya rundo la tairi za mtumba. Nilikuwa na shahada mpya na gari kuukuu lenye tairi vipara. Muuzaji alinionyesha kichoro cha theluji ubavuni mwa tairi moja.

"Hizi ni za theluji, mwalimu. Sasa matope ya huku si mchezo tu?"

Hoja hiyo ilinipendeza. Mzee Wafula, fundi aliyezoea kunifungia tairi, aliubonyeza mpira kwa kidole gumba.

"Laini sana hii. Imetengenezewa baridi. Jua na lami ya Bungoma zitaimaliza kabla ya mvua. Chukua ile ngumu, yenye meno mapana."

"Mzee, hizi zimefanyiwa utafiti," nikamjibu. Utafiti! Mimi niliyesomea historia. Nikazinunua, na sifa za tairi zangu za theluji zikafika hadi ukweni.

Kila siku nilienda kazini Bungoma na kurudi Kitale. Kufikia Aprili, meno ya tairi zangu yalikuwa yamelika. Niliyaona, nikanyamaza, maana kurudi kwa Wafula kungekuwa kukiri.

Ndipo mke wangu, Nekesa, akapigiwa simu: mama yake, kule Cheptais, kifua kimembana, hapumui vizuri. Tukapanda mlimani kumchukua. Kwetu mwanamume na mama mkwe hawapeani mikono wala hawatazamani usoni. Alikaa nyuma na bintiye, nami nikakigeuza kioo cha ndani kisinionyeshe uso wake.

Mvua ikatukuta tukiteremka. Udongo mwekundu ukazivaa tairi, gari likateleza kama sabuni, likalala mtaroni. Injini ilipozima nikasikia pumzi ya mama, fupi, yenye mluzi.

"Mbebe," Nekesa akasema.

"Mimi?"

"Kwani unaona nani mwingine hapa, bana?"

Nikachuchumaa kwenye matope. Mwanamke ambaye sikuwahi hata kumshika mkono akapanda mgongoni mwangu, nikaanza kuteremka naye kuelekea barabara kubwa. Baada ya hatua kadhaa, akiwa kando ya sikio langu kabisa, alimwita bintiye.

"Nekesa, mwambie bwanako... theluji aiache ilikotoka. Huku tuna matope."

"Baba Simiyu, mama anasema—"

"Nimesikia."

Pikapu ya maziwa ilitufikisha hospitalini, naye akapona. Wazee walidai kondoo wa kuliosha jambo lile, nikampeleka bila ubishi. Kisha nikarudi kwa Wafula. Hakucheka. Alichagua tairi ngumu, akakishika kidole changu gumba, akakibonyezea kwenye mpira ili nami nijue.

Basi, mwanangu, unapochagua tairi, usianze na maandishi yaliyo ubavuni. Anza na barabara yako, udongo wake na jua lake, kisha mfikirie atakayekaa kiti cha nyuma. Muulize anayeushika mpira kila siku, hata kama shule yake iliishia darasa la nne. Na ukishakosea, rudi upesi. Kosa langu la Januari lilikuwa la ujinga tu. La Aprili, la kuona na kunyamaza, ndilo lililotaka kuniulia mama.

Mungu akujalie miguu myepesi ya kurudi kwa fundi, na unaowabeba wafike wakipumua.