Simu Niliyoiuza Ilivyokwenda Kumchukua Mwanangu Shule

Siku ya tatu baada ya kuiuza simu yangu, simu hiyo ilikwenda shule ikamchukua mwanangu.

Usicheke. Soma.

Mimi nimeishia darasa la saba, nashona nguo. Maneno makubwa sina. Lakini nawaona humu mtandaoni mnavyoulizana: "Niuze simu ya zamani au niongeze hela nichukue mpya?" Mnajibiana kama wataalamu. Wataalamu gani! Hamjui hata mnachouza.

Kama mimi.

Simu yangu ilikuwa na miaka sita. Ufa pembeni, kava jekundu lililomeguka kona moja, na kwenye kioo picha ya mwanangu anacheka bila meno mawili ya mbele. Tunamwita Kifungo, maana alipokuwa anatambaa alimeza kifungo cha shati la mteja. Sasa ana miaka saba.

Chaji ilikaa siku mbili. Na kila siku saa saba na nusu mchana alamu ililia, na maneno niliyoandika mwenyewe: KAMCHUKUE KIFUNGO. Mimi nikikaa kwenye cherehani nasahau dunia.

Nikizidiwa na kazi, namtuma mtu, nampa simu yangu aende nayo. Mlinzi wa shule akiiona, anamwita mtoto. Ndiyo utaratibu niliobuni, na nilijiona mjanja kweli. Nilimwambia Kifungo, "Asiye na simu ya mama, usimfuate hata akikupa pipi. Mwenye simu ya mama, katumwa na mama."

Aliyenitia wazimu ni wifi yangu. Huyo anabadilisha simu kuliko anavyobadilisha shuka.

"Wifi, hiyo ni simu au kipande cha tofali?"

"Si inaongea?"

"Hata redio inaongea. Wateja wakikuona nayo watakuamini na vitambaa vyao?"

Nikaona aibu. Aibu ya nini, mpaka leo sijui. Simu yake yeye ina kamera tatu, na zote tatu zina kazi moja, kupiga picha mdomo wake.

Nikaenda kwa fundi simu anayejiita Daktari. Daktari wa nini! Koti jeupe lina mafuta kama la muuza nyama. Akaishika simu yangu kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa.

"Mama, hii naichukua kwa huruma tu. Ongeza kidogo nikupe hii. Karibu mpya kabisa."

"Karibu mpya ndiyo nini?"

"Mama, na wewe maswali! Umetoa vitu vyako?"

"Nimetoa laini."

"Basi, tumemaliza."

Yeye daktari, mimi darasa la saba, na akili zetu zikalingana. Nilijua kila kitu kinakaa kwenye laini, namba, picha, alamu. Ukiichomoa, simu imebaki ganda.

Hiyo karibu mpya ilikuwa inazima saa sita mchana. Siku mbili za kwanza nilikumbuka mwenyewe. Siku ya tatu ilizima nikiwa kwenye gauni la bibi harusi. Hakuna kilicholia. Nilipoinua kichwa, jua limeshahama dirisha. Nikamuuliza jirani saa ngapi.

Saa tisa. Shule inatoka saa nane.

Nilikimbia na futi ya kupimia inaning'inia shingoni.

Mlinzi alikuwa getini, anakunywa chai.

"Kifungo yuko wapi?"

"Si umemtuma mtu?"

"Nimemtuma nani?"

"Mwanaume mmoja, shati limetobokatoboka. Kaja na simu yako. Hata hakumaliza salamu, nikamwita mtoto."

Nikamtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Mlinzi gani anatambua simu, hatambui mtu? Halafu nikakumbuka utaratibu ule ulikuwa wa nani.

Nikarudi mtaani mbio, napiga kelele, "Mwizi wa watoto!" Watu wakatoka madukani. Mmoja na ufagio, mwingine na jiwe.

Kwenye kona ya kwetu nikawaona. Mwanaume kamshika mwanangu mkono, begi la shule la maua liko begani kwake. Mkono mwingine, simu yangu nyekundu.

"Huyo!"

Walimfikia kabla yangu. Kofi, ngumi. Mwenye jiwe akanyanyua mkono. Kifungo akaukumbatia mguu wa yule mwanaume.

"Msimpige! Katumwa na mama!"

Jiwe likabaki hewani. Wote wakanigeukia mimi.

Mwanaume akajifuta damu mdomoni. "Mama yake ni wewe?"

"Nani kakutuma umwibe mwanangu?"

"Sikumwiba. Nilipewa."

Kumbe kazi yake ni kuchomelea mageti, ndiyo maana shati lina matundu ya cheche. Alinunua simu kwa Daktari. Siku mbili inamlilia, KAMCHUKUE KIFUNGO. Akafungua picha, akatukuta tumejaa tele: kitandani, mlangoni, mtoto na sare mbele ya shule.

"Lile geti la shule nimelichomelea mimi," akasema. "Nikajua nimeuziwa simu ya wizi. Nimeenda kumuuliza mlinzi mwenye simu ni nani, ananikabidhi mtoto anaondoka zake! Ningemwacha barabarani? Nikamwambia anionyeshe kwao, akanizungusha vichochoro vyote."

"Si ya wizi," nikasema. "Niliuza mwenyewe."

Akaniangalia kuanzia ndala mpaka kichwani. Nimeshadharauliwa sana maishani, lakini si vile.

"Ukauza na mtoto ndani?"

Mwenye jiwe akalitupa, akaondoka akisonya. Alinisonya mimi.

Yule fundi mageti akanikalisha kizingitini kwangu. Akataka anihamishie picha zangu kwanza. Simu yangu ya kisasa imezima. Nikamwambia futa tu, futa zote, sasa hivi. Akasema bonyeza mwenyewe. Nikabonyeza. Kifungo asiye na meno akapotea nikimtazama. Meno yameshaota. Picha ile siipati tena.

Wifi aliposikia akasema, "Ungechukua mpya kabisa haya yasingetokea." Mwacheni. Kamera tatu, na haoni.

Wewe unayetaka kuuza, kama inaongea na inakaa na chaji, kaa nayo. Wakucheke. Ukiiuza, futa kwa mkono wako mpaka iwe kama haikujui. Kuchomoa laini si kufuta.

Na mtoto wako usimfungie kwenye kitu kinachouzika. Siku hizi mimi na Kifungo tuna neno letu la siri. Halina kioo wala chaji, na hakuna daktari anayeweza kulinunua kwa huruma.