Sura ya Mama Masika Akicheka

Nakumbuka siku moja kule Beni, wakati wa vita, mama mmoja aliniuliza swali ambalo mpaka leo linanichekesha. Nilikuwa msichana kutoka Butembo, nachora mabango ya vinyozi, donc, yaani basi, nilijiona fundi tayari. Mama Masika aliuza maharagwe kwenye soko la mtaa wa Bungulu. Askari walikuwa wamepora nyumba yake na kuchoma picha zake zote. Binti yake Kavira, aliyekaribia kuolewa, akaniomba nimchore mama yake kwa rangi za mafuta, aende na sura yake kwa bwana.

Mwanangu, wewe unayeanza kushika brashi, wahenga husema mwenda pole hajikwai. Mimi nilienda pole, nikajikwaa. Wiki mbili nilishika brashi nyembamba, nikafuata kila mkunjo wa uso, mama nikimkataza hata kutikisika. Mwisho akaitazama kazi yangu, akauliza kwa upole:

"Uyu mama alikufa lini?"

Nilienda nikilia mpaka kwa Papa Paluku, mzee aliyenifundisha kuchanganya rangi. Hakunibembeleza. Alisema nimechora kitambulisho, si mtu. Akachukua brashi yangu, akanipa ile pana ya kupaka milango rangi.

"Mwache mama aongee na bateja yake," akasema. "Finya macho, angalia mwangaza na kivuli tu. Piga mara moja, na uache. Hapana kurudilia."

Zilibaki siku mbili kufika harusi, na kwa vile barabara ilifungwa, rangi ilikuwa kidogo mno. Nilisimama sokoni na gunia tupu la unga nililolikaza kwenye mbao ili nichore juu yake. Mama Masika akawa anasimulia jinsi mbuzi wake alivyoingia kanisani wakati wa mahubiri. Nikapiga nyekundu shavuni, buluu chini ya kitambaa, nyeupe moja tu kwenye meno. Mkono wangu ukaanza kucheza na brashi. Jirani aliyepita mbali akauliza Masika anacheka nini tena, kumbe alikuwa anaitazama picha.

Siku ya harusi rangi ilikuwa bado mbichi. Kavira akaikumbatia, shavu la mama yake likabaki kwenye gauni jeupe. Tulishtuka. Yeye akakataa gauni lifuliwe, akacheza nalo hivyo hivyo hadi jioni.

Basi mwanangu, mtazame mtu sana kabla ya kugusa rangi. Ukishamwona, usiuogope mkono wako. Kosa lenye uhai linapendeza kuliko usahihi uliokauka. Mungu akupe macho yenye upendo na mkono mwepesi, na nyumba utakayoingia uikute na amani.