Latifa Hakungoja Muhuri

Latifa anafagia ofisi za chuo chetu hapa Kasongo tangu mwaka 2016. Anafika jua halijatoka vizuri, anafungua madirisha ya sekretarieti na kumwaga maji kwenye sementi. Nikifika saa mbili nakuta chai kwenye thermos na karatasi zangu zimepangwa kwa namna yake, kubwa chini, ndogo juu, hata kama hazihusiani. Kifaransa hasomi. Kiswahili anasoma polepole, kwa kidole.

Alizaliwa Kabambare, upande wa barabara ya Salamabila. Mume wake alichimba dhahabu mpaka shimo likamfunika. Ndipo akaja Kasongo na watoto watatu na mashine ya kushona isiyo na sindano. Ni mtu wa utani. "Madame Louise," huniambia, "weye unachoka kukaa kuliko mimi kuinama." Kwa miaka mingi nilidhani namfahamu, kumbe nilimfahamu kama mtu anavyofahamu mlango wa ofisi yake.

Ninaandika habari zake kwa sababu ya Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, mwaka jana, na kwa sababu ya kile nilichoshindwa kukifanya siku mbili kabla.

Jumanne ile asubuhi aliingia Esther-Divine, mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Alisimama karibu na kabati, hakutaka kukaa. Jioni ya jana yake, mnamo saa kumi na mbili, alikuwa amepeleka sura ya kazi yake ya mwisho kwa msaidizi wa profesa anayemsimamia. Bwana yule alimwambia ailete nyumbani. Mke wake alikuwa safarini. Alifunga mlango kwa ufunguo. Esther-Divine alilitaja tendo lenyewe mara moja tu, kwa Kifaransa, kisha akaanza kulia. Latifa alikuwa anapiga deki ukumbini.

Nilimpa kiti, nikampa chai. Kisha nikafanya kile nilichokizoea kwa miaka kumi na tisa ya sekretarieti: nilimwambia aandike barua. Kwetu jambo lisiloandikwa halijatokea, na barua ya kwenda kwa direkta haiendi moja kwa moja. Lazima ipite kwa mkuu wa seksheni, aisome, aipige muhuri, ndipo ifike mezani kwangu.

"Nakala mbili, mama," nilimwambia. "Usisahau tarehe."

Mkuu wa seksheni na yule msaidizi walikuwa wakija kazini juu ya pikipiki moja. Nililiona hilo kila asubuhi kwenye dirisha langu.

"Na leo nifanye nini, Madame?" aliniuliza.

"Uoge, upumzike, ungoje jibu."

Nilisema hivyo kwa sauti nzuri kabisa, sauti ya mama.

Jumatano haikufika barua. Alhamisi pia haikufika, lakini nilipopita ukumbini niliwakuta vijana wawili wakisoma kitu kwenye simu na kucheka, mmoja akisema, "Nakuletea kwa heshima malalamiko yangu…" Nilifahamu mara moja ni barua ipi. Niliingia ofisini, nikafunga mlango, nikaendelea kupiga taipu orodha ya mitihani.

Saa nane na nusu Latifa aliingia na ndoo.

"Madame Louise, ule mutoto mwenye alilia hapa Jumanne, ulimupa nini?"

"Nilimweleza utaratibu."

"Utaratibu unamezwa na maji?"

Nilichukizwa kidogo. "Latifa, barua iko kwa mkuu wa seksheni. Tunangoja muhuri."

"Walimufanyia siku gani?"

"Jumatatu. Jioni, saa kumi na mbili."

Alihesabu kwa vidole, akatupa kitambaa ndani ya ndoo. "Basi leo jioni inaisha. Simama, twende."

"Inaisha nini? Direkta bado hajasoma…"

"Mama, weye ulisoma mingi. Hakuna mutu alikuambia habari ya siku tatu?"

Niliambiwa. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Mwaka mmoja kabla, wauguzi walikuja kutufundisha: mtu aliyebakwa apelekwe hospitali kabla ya saa sabini na mbili, apewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, za kuzuia mimba, bila malipo, bila barua ya mtu. Mimi ndiye niliyeandika taarifa ya mafunzo yale. Niliipiga taipu bila kosa hata moja, nikaiweka ndani ya faili.

Njiani, tukitembea haraka kuelekea mtaa anakopanga Esther-Divine, Latifa aliniambia habari ambayo hakuwahi kunieleza. Mdogo wake Rehema alikamatwa na watu wenye bunduki akitoka shamba. Nyumbani walisema wasimpeleke popote mpaka mjomba arudi kutoka Salamabila, maana habari ya msichana haitoki nje kabla mjomba hajaisikia. Mjomba alifika siku ya sita.

"Nani alisema mungoje?" niliuliza.

"Mimi. Nilikuwa mukubwa wake." Hakupunguza mwendo. "Sasa anameza kidonge kila siku, na kila siku anajua ni ju ya nini."

Tulimkuta Esther-Divine kitandani, shuka mpaka shingoni. Nguo za Jumatatu zilikuwa kwenye kamba, zimefuliwa na kukauka.

"Siendi," alisema. "Madame aliniambia ningoje jibu."

"Madame alikosea," Latifa alisema. "Huyu hapa. Anasema mwenyewe."

Wote wawili waliniangalia. "Nilikosea," nilisema. Ilikuwa vigumu kuliko nilivyotegemea, na bado ilikuwa neno dogo.

"Chuo chote kinajua. Wakiniona hospitali…"

Latifa alivua mtandio wake akamfunika kichwa. "Watasema ni malaria. Na wakiuliza mimi ni nani, sema mama mukwe, mubaya sana, asiyekupa nafasi ya kufa."

Msichana alitoa sauti iliyofanana kidogo na kicheko. Lakini ilituchukua karibu saa nzima mpaka akasimama.

Hospitalini tulisubiri aliyekuwa na ufunguo wa duka la dawa. Muuguzi, dada mmoja anayeitwa Nadine, aliuliza siku na saa, akatazama ukutani. Ilikuwa saa kumi na moja na robo. Alimpa vidonge palepale, kabla ya maswali mengine, akamtazama mpaka akameza.

"Dakika arobaini na tano zilibaki," alisema. "Nani alimuchelewesha?"

"Njia," Latifa alijibu.

Nami nikamwacha ajibu hivyo.

Kuanzia pale Latifa alimsindikiza kila Ijumaa kwa mama wa hospitali anayewasikiliza wasichana, kisha kwa polisi, akiwa na cheti cha daktari. Yule msaidizi aliondoka Kasongo, kesi inatambaa. Esther-Divine alipewa msimamizi mwingine. Akija sekretarieti huuliza, "Mama Latifa iko?" Mimi hunisalimia tu.

Baada ya miezi mitatu alienda kupimwa mara ya mwisho. Nilienda pia, bila kuombwa, nikakaa nje kwenye kivuli cha ukuta. Walitoka wakiwa wameshikana mikono. Hakuwa na virusi. Latifa alikuwa analia na kumtukana kila mtu kwa furaha.

Esther-Divine alinijia. "Madame, kama Mama Latifa hangeuliza, barua yangu ingejibiwa lini?"

Ningeweza kusema sijui.

"Ilifika mezani kwangu siku ya tisa," nilisema.

Aliitika kwa kichwa, bila hasira, kama mtu aliyepewa tarehe ya mtihani. Dereva wa pikipiki aliwasha injini. Walipanda wawili, hapakuwa na nafasi ya mtu wa tatu.

"Madame Louise, fuata na miguu!" Latifa aliita. "Utatukuta sokoni, tunanunua nyama!"

Nilitembea mpaka mbele ya soko. Niliwaona kwenye meza ya mchinjaji, msichana anachagua, Latifa anabishana. Sikuingia.