Pole Niliyoisema kwa Kiingereza

Kazi ile niliipata kwa sababu sikuwa mtu wa upande wowote. Katikati ya miaka ya tisini, vyama vitatu vya askari wa zamani vya Minneapolis na Saint Paul viliamua kuwa na ofisi moja kule Richfield. Kimoja kilikuwa cha wazee wa Vita Kuu ya Pili, kingine cha waliopigana Korea, na cha tatu cha waliopigana Vietnam. Aibu ndiyo iliyowaunganisha. Majira ya baridi yaliyotangulia, askari mwenzao mmoja asiye na makazi alipigwa danadana kati ya vyama hivyo, kila kimoja kikisema huyu si wetu, mpaka mtu akapotea na hakuna aliyejua alikoishia. Ndipo wakakubali kusaidiana. Ila kila chama kilitaka mtu wake ndiye apokee simu. Walibishana wiki mbili, mwisho wakaniajiri mimi, Mtanzania niliyekuwa nimemaliza chuo na sina kazi, mwanamke ambaye bunduki ya karibu kabisa niliyowahi kuiona ilikuwa ya mlinzi wa benki mjini Iringa.

Ofisi ilikuwa na meza moja, simu moja na kabati la mafaili lenye droo tatu. Kila chama kilikuwa na droo yake, na kila droo na kufuli lake. Wazee hao walikuwa na uwezo wa kununiana mwezi mzima kwa sababu ya nani asimame mbele na bendera kwenye mazishi. Lakini walichokuwa nacho kilikamilishana: wa Korea walikuwa na nyumba ya vyumba kadhaa kule Maplewood, wa Vietnam walikuwa na gari kubwa na watu wenye nguvu, na wazee wa Vita Kuu walikuwa na viti, vitanda na majokofu ya kugawa, maana wenzao walikuwa wakifariki na wajane wakihama. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mwenye shida anafika penye msaada kabla hao watatu hawajaanza kugombana.

Mwanamume huyu ninayemkumbuka alikuja mwezi wa Novemba. Nilimwona kupitia kioo cha mlango akiwa amesimama nje, kofia mkononi, kama dakika kumi hivi, akijishauri aingie au aondoke. Nilimfungulia mwenyewe. Alikuwa amepigana Vietnam na sasa alikuwa analala ndani ya gari lake, nyuma ya duka la mazulia lililofungwa kule Brooklyn Center. Kikohozi chake kilikuwa kibaya. Nilipomuuliza anahitaji nini alisema, "Chochote kitakachobaki."

Hakuwa na simu. Karibu na pale alipolala palikuwa na nyumba ya mashine za kufulia nguo, na mwenye mashine hizo alimruhusu kupokea simu pale. Tukakubaliana kwamba kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, atakuwa amesimama pale. Nami nilipiga kila siku, hata kama sikuwa na jipya, nisikie tu sauti yake. Kila asubuhi kuanzia saa tatu na nusu nilikuwa nimekaa mbele ya simu. Nilijiuliza, je, leo asipopokea? Sikuwahi kumwambia mtu habari za hofu hiyo, kwa sababu nilijua wangesema kazi hii inataka mtu mwenye moyo mgumu.

Kamati ilikaa Jumatatu moja ya Januari kuzungumzia chumba cha bwana yule, na wakabishana kama kawaida. Mwenyekiti wa Korea, mzee mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, alishikilia kwamba vyumba vya Maplewood ni vya watu wake. Wa Vietnam wakasema basi gari lao nalo halitabeba mtu wa Korea tena. Nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao nikiikandamiza kalamu kwa hasira. Mwisho kabisa mwenyekiti wa Korea aliniuliza mimi, mwandishi wa kikao, kama huyo bwana bado anakohoa. Nikamjibu ndiyo, tena zaidi. Akasema apewe chumba cha chini. Fundi alikuwa bado anashughulikia boila, mtambo wa kupasha nyumba joto, kwa hiyo bwana yule angehamia Alhamisi.

Jumanne saa nne kamili nilipiga simu. Furaha ilikuwa imenijaa mdomoni. Alipokea yeye mwenyewe. Lakini mimi nimelelewa Iringa, na kwetu mtu mzima huwezi kumrukia na habari zako kabla hujamjulia hali, hata kama nyumba inaungua. Nikamsalimia, nikamuuliza usiku ulikuwaje.

Siku zote alinijibu salama. Siku hiyo akasema ukweli. Betri ya gari ilikufa usiku, hita ikazima, na tangu alfajiri hana hisia kwenye nyayo. Mimi nikamwambia lile ambalo yeyote wa kwetu angemwambia, ila nililisema kwa lugha yake: "I'm so sorry. Oh, I'm so, so sorry."

Nilikuwa navuta pumzi nimpe habari yangu njema.

"Sawa, mama," alisema. "Asante kwa kujaribu."

Simu ikakatika. Nilidhani ni laini. Nikapiga tena, akapokea mwenye mashine, akasema bwana ametoka. Nikajiambia ameenda kuhangaikia betri, atarudi, nitampata mchana. Hata hivyo maneno yale yaliniwasha. Kujaribu nini?

Jirani yetu kwenye jengo lile alikuwa mama wa Mombasa aliyeuza vitambaa, viungo na kadi za simu. Mchana tulizoea kula pamoja nyuma ya duka lake. Nilimsimulia, tena kwa kujisifu kidogo, jinsi chumba kilivyopatikana na jinsi simu ilivyokatika. Alikuwa anachota wali. Kijiko kikabaki hewani.

"Ngoja, ngoja," alisema. "Umemwambia sori mara ngapi?"

"Mbili. Labda tatu."

"Kabla hujamwambia amepata chumba?"

"Nilikuwa namjulia hali kwanza."

"Ya Rabi! Mwenzangu, sori ya hawa watu si pole. Mimi kazini kule nilikoanza, supervisor wangu alijikwaa kwa ngazi, nikamwambia sori. Akaniangalia kama kwamba mimi ndiye nilim-push! Na wakikunyima kitu ofisini, huanza vipi? I'm so sorry, halafu ndio wana-close file." Akaweka kijiko chini. "Wewe ushamwambia hana chumba."

Nilikuwa nimeishi Marekani miaka sita. Nilikuwa na shahada. Nilikuwa nimesema sori hiyo kwa watu walioumwa kichwa, waliofiwa na waliomwaga kahawa, na wakati wote nilidhani nawapa pole.

Nilikimbia ofisini nikampigia tena mwenye mashine za kufulia. Akaniambia amekuwa akinisubiri nipige, maana ana wasiwasi. Bwana yule, baada ya kuweka simu, alitoka, kisha akarudi kumkabidhi funguo za gari lake. Alimwambia yeyote atakayelitaka alichukue, akamshukuru kwa simu ya miezi yote, akaondoka kwa miguu.

Nilimpigia mwenyekiti wa Korea nikamweleza yote bila kujitetea. Hakuniuliza kwa nini nilisema nilivyosema.

"Usiondoke kwenye simu hiyo," alisema. "Tunakuja."

Haikufika nusu saa ofisi ilijaa. Walikuja wote, wa vita vyote vitatu, na makoti yao mazito na theluji kwenye viatu. Nilisimama nikasema kosa ni langu. Mwenyekiti wa Vietnam, ambaye alikuwa hajawahi kuniita kwa upole hata siku moja, alisema, "Baadaye, dada," akatandaza ramani juu ya meza yangu, juu ya mafaili, juu ya kila kitu. Hakuna aliyeuliza huyu ni wa nani. Wa Vietnam wakachukua gari lao kwenda chini ya madaraja na kwenye kingo za mto. Wa Korea wakagawana hospitali na nyumba za kulala wasio na makazi. Wazee wa Vita Kuu wakarudi majumbani kwao kupiga simu kwa kila mtu waliyemjua. Mimi nikabaki na simu yangu.

Mama wa Mombasa alifunga duka akaja kukaa nami. Alileta chai, sikuinywa. Kila simu ilipolia niliidaka kabla haijalia mara ya pili. Hospitali ya kwanza, hayupo. Ya pili, hayupo. Daraja la kwanza, kuna watu wawili, si yeye. Redio ilikuwa inasema baridi ya jioni hiyo inagandisha ngozi iliyo wazi ndani ya dakika chache, na mtangazaji aliisema kwa sauti ile ile ya kutangazia mabati na sofa. Nikaizima. Kisha nikaiwasha, nikiogopa kupitwa na kitu. Saa nane. Saa tisa. Januari kule jua huzama kabla ya saa kumi na moja, nami nilikuwa natazama mwanga ukutani ukipungua, nahesabu nyayo zisizo na hisia zinaweza kutembea umbali gani. Nilimwomba Mungu kwa Kihehe, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nisije nikakosea tena.

"Usilie saa hii," mama wa Mombasa aliniambia. "Ukilia, simu utaipokea vipi?"

Saa kumi na robo alipiga mmoja wa wazee wa Vita Kuu. Alikuwa ameendesha mabasi ya mji miaka mingi kabla ya kustaafu. Alisema alikuwa akifikiri: mtu asiye na gari wala chumba, na baridi kama hii, ataketi wapi bila kufukuzwa? Kwenye basi. Akawapigia vijana wake wa zamani kwenye karakana, nao wakapitisha neno kwenye redio za madereva. Dereva mmoja wa njia ya Brooklyn Center kwenda Minneapolis alimkumbuka mwanamume mwenye koti la jeshi aliyezunguka naye kwenda na kurudi mara tatu. Safari ya mwisho alishuka karibu na mto. Dereva alisema bwana yule alimuaga kwa kumshika mkono, na abiria hawana desturi hiyo.

Wa Vietnam walikuwa na simu ya gari. Nikawapa jina la kituo, nikalirudia mara mbili, nikawatajia herufi moja moja. Baada ya hapo simu haikulia kwa dakika ishirini na mbili. Nazikumbuka kwa sababu nilizitazama zote kwenye saa ya ukutani.

Walimkuta kwenye benchi linalotazama maji, hana glavu. Alikuwa hai. Alikuwa hajui ni siku gani, na alipowaona alijaribu kusimama kwa heshima ya kijeshi, miguu ikakataa. Wakambeba. Aliyenipigia kuniambia hayo alikuwa analia, mtu mzima mwenye mabega kama mlango, na mimi niliishika simu kwa mikono miwili nikasema ndiyo, ndiyo, nimesikia. Sikuthubutu kusema neno jingine.

Alipoteza vidole viwili vya mguu wa kushoto na ncha ya kidole kimoja cha mkono. Hiyo ndiyo gharama ya kosa langu, na sijapata namna ya kuisema ikawa ndogo. Kama alikwenda mtoni kupumzika au kufanya jambo jingine, sikumuuliza. Niliogopa jibu, na nilijua sina haki ya kulidai.

Wiki mbili baadaye nilikwenda hospitali. Mwenyekiti wa Korea alikuwa amenituma, nadhani makusudi, ili nikamweleze mwenyewe. Nilimkuta amekaa kitandani, amenyolewa ndevu, mkono mmoja umefungwa bendeji. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Kwamba chumba kilikuwa chake tangu Jumatatu ile usiku. Kwamba kwetu mtu akikwambia ameumia unampa pole, na pole si kukiri kosa wala si kumnyima mtu kitu, ni kumwambia tu kwamba umesikia. Kwamba nililichukua neno la lugha yangu nikalivika nguo za lugha yake. Niliongea haraka, Kiingereza kinanitoka vipande vipande.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kiingereza chako hakikuwa na kosa, mama," alisema. "Ila kwa miaka ishirini na tano, kila aliyenionea huruma alikuwa anakaribia kuninyima. Sijawahi kuonewa huruma halafu nikapewa kitu."

Nikafungua mkoba nikatoa ufunguo wa chumba cha Maplewood, nikauweka kwenye kiganja cha mkono uliokuwa mzima. Aliugeuza upande mmoja, akaugeuza wa pili, akausogeza karibu na macho kusoma kama umeandikwa chochote.

"Asubuhi nitaurudisha saa ngapi?" aliniuliza.