Picha Ambayo Mwalimu Hakuiona

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilikuwa forodhani Matrah, bandari ya Omani, nangoja mzigo wangu. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa Unguja, amekumbatia picha iliyoviringishwa ndani ya kanga na kufungwa uzi.

"Fungua," alisema karani, kijana aliyezaliwa Unguja kama sisi.

"Ni picha ya marehemu mama yangu, kichwa wazi, anasukwa. Nimeichora mwenyewe nilipokuwa msichana."

"Nani alikufunza?"

"Mzungu."

Karani akacheka kidogo, akaushika uzi. Yule mama akaweka kiganja juu ya kanga.

"Mwanangu, Mzungu yule aliletwa na serikali yao, kazi yake kuchora majumba na milango. Jioni akitufunza sisi wasichana, rangi akinunua mwenyewe. Siku ya maonyesho yetu, ya wanawake watupu, alituambia picha tulizochora majumbani tuzitundike wenyewe, kisha akenda kukaa nje barazani, akitusikia tu tunavyocheka na mama zetu, mpaka mwanamke wa mwisho alipotoka na picha yake. Hii hakuiona. Mtu aliyekuwa akitutawala hakuiona, nikufungulie wewe?"

Karani aliuachia uzi. Aliipapasa ile kanga kwa nje, akatia alama ya chaki, akatazama pembeni mama alipokuwa akipita.

Wakoloni nimewasema sana katika safu hii, na bado sijamaliza. Lakini huyu mmoja namstahi. Aliufungua mlango, kisha akajua kwamba asiyepaswa kuingia ni yeye.