Adelina Aliposimama Kituo cha Tatu, Murongo

Tulikuwepo mimi, mdogo wangu Adelina, tuliyenyonya ziwa moja, Eufrazia mke wa kaka yetu, Paskazia binti wa jirani yetu Bernado aliyehamia kutoka Rwanda, na Padre Anselmi, mgeni aliyetufundisha besiboli sisi wanakwaya wa Nkwenda. Wengine nawakumbuka wote kwa majina, ila nikiwataja karatasi itajaa kabla gari halijawashwa.

Tulikwenda Murongo kucheza na kwaya ya ng'ambo ya mto, Uganda, miaka michache baada ya vita vya Kagera. Mimi sikufuata mpira. Adelina alikuwa amenoba, yaani amerudi kwetu baada ya kupigwa na mumewe huko ng'ambo, na mtoto wake Koleta akabaki kule. Kwetu aliyenoba hufuatwa: mume huja na wazee na pombe, anaomba. Huyu hakuja. Mama akaniambia mlangoni, "Asiyefuatwa havuki. Urudi naye."

Asubuhi tukaondoka Nkwenda nyuma ya gari la parokia. Adelina alipakata mchi wa kutwangia, ndio tuliopigia mpira. Padre aliuita gongo, mpaka alipoambiwa kwetu gongo hunywewa.

Tulipofika Kaisho, jua likiwa juu, gari likachemka. Tukisubiri lipoe, Padre akasimulia kwamba kwao, karne ya ishirini ilipoanza, walikuwepo watu wa kulipwa kwa kupiga mpira tu.

"Na kahawa nani alichuma?" Paskazia akauliza.

Padre akacheka. Akasema aliyesifiwa zaidi hakuwa mwenye mbio. Alikuwa yule ambaye akipiga, wenzake waliokwama vituoni wanafika nyumbani, pale mbio zinapoanzia na kuishia.

"Na yeye mwenyewe, baba, anafikaje?" Adelina akauliza.

"Hungoja mwenzake apige."

Mchana tukafika Murongo. Tukatandika mkeka, ndio nyumbani, tukapanga vituo vitatu vya kuzunguka. Mama mkwe wa Adelina alikuwa amevuka na Koleta. Adelina akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa."

"Kwetu ndizi zipo."

"Na kwetu zipo. Huyu anazila, halafu anakuulizia." Akaenda kuketi na mtoto karibu na kituo cha tatu.

Zamu ya Adelina ilipofika, mimi, Eufrazia na Paskazia tulikuwa tumekwama vituoni, kila mmoja na chake. Akaupiga ule mpira wa maganda ya migomba, ukazama kwenye matete ya mto. Tukakimbia, tukafika mkekani wote watatu. Yeye akafika kituo cha tatu, akasimama.

Tukamwita, "Njoo nyumbani, Adelina! Mpira haujaonekana!"

Hakuja. Koleta alikuwa ameshika kitenge cha mama yake. Adelina akainama, akambeba.

Nikamwendea. "Mama ameniagiza nirudi nawe."

"Najua, dada."

"Hujafuatwa."

"Huyu ndiye amenifuata."

Mama mkwe alitazama chini tu.

Jioni Adelina akashuka mtoni na mtoto, nasi tukarudi, hakuna aliyeimba. Mama alikuwa mlangoni, akaangalia nyuma yangu, kisha akaingia ndani. Hapo nilijifunza kwamba mila inajua mume tu. Njia nyingine za kumwita mwanamke haijazitaja. Nimelijua hilo, na bado nina hamu ya kumwona mdogo wangu kila mpunga ukitwangwa.

Paskazia hudai mpira ulionekana mapema. Mimi nakataa, ila aliyekuwepo anisahihishe. Na hili nililoshikilia miaka yote, kwamba gari lilipoondoka Adelina hakugeuka kututazama: kama aligeuka, na kuna aliyemwona, naomba niambiwe.