Mtumbwi Kwenye Jalada

Hivi mtu mzima aliyesoma mpaka chuo kikuu anawezaje kukaa kwenye kiti changu, anakunywa soda niliyomkaribisha mwenyewe, halafu anatamka kwamba watoto wa wakimbizi hawafai kusoma hadithi za safari? Miaka imepita, lakini nikikumbuka damu inanichemka. Mimi ni Hasna binti Mwinshehe, nina duka la vitabu na madaftari hapa Ujiji. Leo nina mtu wa kumsema. Ila kwanza nimsifu mwingine.

Huyo ni Mwalimu Révérienne Arakaza, Mrundi wa Rumonge, mwembamba, sauti kubwa kuliko mwili. Alivuka ziwa mwaka tisini na sita na mama yake mzee, cheti chake cha ualimu kimeshonewa ndani ya kitenge. Wakampeleka kambini, huko juu kupita Kidahwe, na haikuisha miezi miwili alikuwa anafundisha darasa la tano chini ya turubai. Watoto arobaini na watatu! Kiswahili walikuwa nacho, wengine walitoka nacho kwao ziwani, wengine walikiokota kambini. Kitabu cha hadithi hawakuwa nacho hata kimoja.

Mwaka tisini na nane shirika moja likaahidi vitabu sitini vipya kwa ajili ya darasa lile. Vingenunuliwa kwangu, na mwalimu angechagua mwenyewe. Mkimbizi hatoki kambini hivi hivi, kwa hiyo wakampa kibali cha siku moja, arudi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Akashuka kwenye lori la shirika mbele ya duka langu, hata chai akaikataa.

"Dada Hasna," akaniambia, "nina siku moja. Nataka vya kuwakosesha usingizi."

Nikamtolea vile vya karatasi ng'aavu, vyenye picha za rangi, ninavyovisifia kila siku. Wala hakutazama picha. Alikaa barazani akangoja watoto watoke madrasa, akaita wanane wa miaka kumi, kumi na mbili. Anawasomea kurasa mbili, halafu anafunga kitabu, anakaa kimya kama amewasahau. Watoto wakianza kusukumana na kuondoka, kitabu kinakwenda kushoto. Mmoja akisema "Halafu?", kinakwenda kulia.

"Mimi sichagui," alisema. "Wanachagua wao. Kazi yangu ni kufunga."

Loo, nilivyoumbuka! Vitabu nilivyovinadi miaka miwili vilirundikana kushoto kama maganda ya karanga. Kuna kimoja cha sungura apendaye sabuni. Mtoto mmoja aliomba ruhusa aende kujisaidia katikati ya ukurasa wa kwanza, na hakurudi tena. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, ingawa vitabu vyenyewe ni mali yangu.

Kikaja kile chenye mtumbwi kwenye jalada. Majambazi wanavamia kijiji, msichana aitwaye Bahati anampakia mdogo wake kwenye mtumbwi unaovuja, wanalivuka ziwa peke yao. Mwalimu alisoma kurasa mbili, akafunga. Zuhra, mtoto wa dada yangu, mtoto mpole asiyeinua macho mbele ya wakubwa, alimkamata mkono akamwambia, "Fungua!" Mwalimu akafungua. Akavunja sheria yake mwenyewe, akasoma na kusoma. Wapita njia wakasimama. Mimi wateja niliwasahau.

Alipofika katikati, mtumbwi umejaa maji na pwani haionekani, ndipo Feliksi akaingia. Huyu alikuwa afisa elimu wa shirika, kijana wa watu, viatu vinang'aa, mkononi karatasi yenye muhuri. Nikampa kiti na soda. Akatusomea. Vitabu visiwe na vita, wala moto, wala bunduki, wala mtumbwi, wala mzazi aliyekufa, wala mtoto aliyepotea, wala mpaka wa nchi.

"Watoto hawa wana kiwewe," akaeleza. "Hadithi za safari za hatari zitawatonesha vidonda. Wanahitaji mambo mepesi, yenye mafunzo."

"Bwana Feliksi," mwalimu akasema, "nina mwanafunzi anaitwa Iradukunda. Alimbeba mdogo wake porini siku nne. Huyo ndiye unayeogopa asione mtumbwi wa kuchorwa?"

"Mwalimu, mimi sibishani. Nina maelekezo."

"Na mimi nina watoto. Wakija asubuhi wanasimuliana walivyokimbia, kila mtu na yake, na hakuna anayejua mwisho wake. Nataka wasome mtu aliyekimbia akafika. Hilo tu."

Ebo! Unafikiri alisikia? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alilivuta lile rundo la kulia, akawa anatazama majalada tu, kimoja baada ya kingine. Chenye moshi, toa. Chenye mto, toa. Kile chenye mtumbwi akakitia kwenye begi lake, eti kikakaguliwe. Alipomaliza, kulia hapakubaki kitu. Akageukia kushoto, akamwokota sungura wa sabuni, na wenzake wa chandarua na wa kuchimba choo.

Na mimi je? Mdomo wangu huu Ujiji nzima wanaujua, wanaume wazima wananikwepa sokoni. Siku ile ulifungwa. Nilimfungia sungura wake kwenye maboksi, nikajiambia biashara ni biashara. Mwalimu alipanda lori bila kuniangalia, na haki yake. Nilijichukia, na bado sijajisamehe.

Wiki mbili baadaye niliitwa kambini kwenye sherehe ya kukabidhi vitabu. Kulikuwa na mgeni rasmi, bwana mkubwa wa shirika, mzee mtaratibu aliyeongea Kiswahili vizuri. Maboksi yakafunguliwa, watoto wakapokea sungura wao kwa mikono miwili, wakashukuru kama walivyofundishwa. Mgeni akafurahi. Akauliza kama kuna mtoto mwenye neno.

Akasimama msichana mrefu, ndiye Iradukunda. "Shikamoo. Tunaomba kuuliza. Bahati alifika ng'ambo?"

Mgeni hakuelewa. Mwalimu akamweleza kwamba alianza kusoma kitabu kimoja kule Ujiji, akafika katikati, kikachukuliwa. Watoto amewasimulia mpaka pale mtumbwi unapojaa maji, na tangu siku hiyo hakuna asubuhi wasiyomuuliza.

"Kiko wapi?" mgeni akauliza.

"Kinakaguliwa," akajibu Feliksi.

Iradukunda akamgeukia yeye. "Basi wewe umekisoma. Hatutaki kitabu, tuambie tu. Alifika?"

Feliksi akakohoa, akarekebisha kola. "Sijapata nafasi ya kukisoma."

Jamani! Hajakisoma! Amekihukumu kwa jalada! Msichana akawageukia wadogo wa madarasa ya chini wasiosikia vizuri Kiswahili, akawaambia kwa Kirundi, "Ntaragisoma." Hajakisoma. Wakamtazama Feliksi wote, macho makavu, na hapo mdomo wangu ukafunguka. Nilisema, mbele ya mgeni na mbele ya maboksi yangu mwenyewe, kwamba vitabu vile vilikataliwa na watoto wa Ujiji wenye baba, mama na vitanda, na kwamba mimi nilijua nikaviuza. Nikamwambia Feliksi akakilete kitabu. Mgeni akamtazama Feliksi, akatikisa kichwa kukubali. Kilikuwa garini, chini ya kiti, kina vumbi.

Mwalimu akasimama akasoma kuanzia alipoachia. Pilau ya wageni ikapoa, wala hakuna aliyejali. Watoto hawakulia. Walisogea mbele kidogo kidogo mpaka wakawa miguuni pake. Bahati akachota maji kwa kibuyu, kibuyu kikapasuka, akachota kwa viganja, na alfajiri mtumbwi ukagusa mchanga. Akamshusha mdogo wake. Basi, kitabu kikaishia hapo. Watoto wakashangilia, mgeni akapiga makofi, hata Feliksi akapiga.

Iradukunda peke yake hakushangilia. Akanyanyua mkono.

"Mwalimu, na watu wa ng'ambo waliwapokea? Waliwaacha watembee wanakotaka?"

Mwalimu akageuza ukurasa, ukurasa mtupu. "Hakijasema."

"Mbona wameacha sehemu ngumu?"

Mwalimu akafunga kitabu. Mimi mtu wa Ujiji, mwenyeji wa huku ng'ambo, nilikuwa nimesimama palepale, na jioni ile ningerudi nyumbani bila kibali cha mtu.